Petro: Jina la Mkoloni au Jina la Jiwe?

Leo tuongee kuhusu majina.

Kuna swali ambalo vijana wetu wa Umoja, Kayole na hata Jericho wanauliza sana: "Pasta, mbona nibebe jina la mkoloni kwenye kitambulisho? Si nibaki na la babu tu?" Mzazi, usimkemee. Huyo anataka kujua yeye ni nani. Tuchukue jina moja, Peter, maana sidhani kuna ploti Eastlands utakosa Peter.

Fungua Yohana 1:42. Simoni, mvuvi wa Bethsaida, analetwa kwa Yesu na ndugu yake Andrea, na papo hapo anapewa jina jipya: Kefa. Ni neno la Kiaramu, lugha waliyoongea nyumbani, na maana yake ni jiwe, au mwamba. Halikuwa na ufahari wowote. Majirani zetu Watanzania walimwita Rais Magufuli "Jiwe" na hakuna aliyehitaji kamusi. Basi Kefa lilisikika hivyo.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, kwa hiyo jina likatafsiriwa. Mwamba kwa Kigiriki ni petra, lakini neno hilo ni la jinsia ya kike. Mwanaume asingeitwa hivyo, ndipo likapewa mwisho wa kiume: Petros. (Kuna mahubiri marefu yanayojengwa juu ya tofauti ya petros na petra. Mimi siyategemei sana, kwa sababu kwa Kiaramu neno ni lile lile, kefa.)

Sasa kijana wangu, angalia hapa. Andrea ni jina la Kigiriki, linatokana na neno la mwanaume. Filipo, mtu wa Bethsaida hiyo hiyo, jina lake ni mpenda farasi, na ndilo jina la baba yake Aleksanda Mkuu. Wayahudi hawa walikuwa na majina ya Kigiriki kwa sababu jeshi la Aleksanda lilipita huko zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Kubeba jina la aliyekutawala hakukuanza na sisi.

Halafu jina lenyewe lilifika Afrika bila kungoja meli ya Mwingereza. Wakristo wa Misri husema Butrus. Ethiopia, iliyopokea Injili katika karne ya 4, husema Petros. Mwaka 1936 Waitaliano walipoiteka Addis Ababa, askofu Abuna Petros alikataa kuwaambia watu wake wajisalimishe kwa wavamizi. Akapigwa risasi hadharani. Mwambie Mwethiopia kwamba Petros ni jina la mkoloni uone atakujibu nini.

Lakini kijana ana haki kwa jambo moja. Hapa kwetu, wamishonari walidai jina jipya ndipo ubatizwe, na wao ndio walioamua lipi linafaa. Mwaka 1914, pale misheni ya Thogoto, kijana Kamau alitaka kubatizwa John Peter. Waandishi wa maisha yake wanasema aliambiwa achague moja tu. Alichofanya Kamau mimi hunifurahisha kila nikikisoma: alichagua Johnstone. Stone ni jiwe kwa Kiingereza, na jiwe ndiye Petro. Akaondoka na mitume wote wawili ndani ya jina moja! Baadaye alifanya kazi ya kusoma mita za maji hapa Nairobi, akajiita Kenyatta kwa ajili ya mkanda wa shanga aliokuwa akivaa, na mwaka 1938, kitabu chake kilipotoka London, jina la mbele lilikuwa Jomo. Jiwe likabaki nyuma.

Kwa hivyo ukitaka kuitwa Kamau, Otieno au Mutua peke yake, hakuna andiko linalokuzuia. Hata Simoni hakupoteza jina la nyumbani. Paulo anamwita Kefa katika Wagalatia 2, Yakobo anamwita Simeoni mbele ya baraza la Yerusalemu, Matendo 15. Na baada ya kufufuka, kando ya ziwa, samaki wakiwa wameshaliwa, Bwana aliyempa jina la Kefa anamuuliza mara tatu kama anampenda, na mara zote tatu anamwita Simoni, kwa jina la baba yake.