Kifo cha Batamzinga, Kifo cha Panya

Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga walianza kufa. Si kumi, si mia: katika miezi michache tu walikwisha zaidi ya 100,000. Madaktari wa mifugo walikuna vichwa, wakauita ugonjwa ule X, maana jina lingine hawakuwa nalo. Kumbe mchawi alikuwa ndani ya chakula chenyewe, mashudu ya karanga kutoka Brazil. Na sisi huku tulikuwamo. Vifaranga wa bata walikufa Kenya na Uganda, na ni katika karanga za Uganda wachunguzi walikoupata ukungu wenyewe, Aspergillus flavus. Sumu yake ikaitwa aflatoksini. Siku hizi twaiita sumukuvu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya wafugaji tu. Lakini mwaka 1961 watafiti wakawalisha panya wa maabara mashudu yale yale. Panya hawakufa upesi. Walikula leo, wakala kesho, miezi ikapita. Walipopasuliwa, maini yalikuwa na uvimbe wa kansa.

Mwaka 1974 Gerald Wogan na wenzake huko Marekani walitoa hesabu inayotisha. Kwa mikrogramu 100 za sumu katika kila kilo ya chakula, panya wote 28 walipata kansa ya ini. Hebu piga hesabu msomaji: gramu moja inatosha tani 10! Na ajabu ni kwamba ini lenyewe, katika kuhangaika kuitoa sumu, ndilo huigeuza kuwa kitu kikali kinachong'ang'ania DNA ya seli. Jamaa zao wadogo, panya wa darini, wana kimeng'enya cha kuizima mapema. Binadamu hatukupewa kinga kali namna hiyo, wala moto wa jikoni hauimalizi.

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zao nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye ukungu na 125 wakafa. Hao walikufa kifo cha batamzinga, dunia nzima ikasikia. Lakini yule anayekula kidogo kidogo miaka ishirini, karanga zilizobaguliwa za kuuza zikienda sokoni na mbovu zikibaki chunguni, siku tumbo likimvimba majirani hunong'ona kwamba amerogwa.