Majumba ya Mabwana katika Irlandi, na Mapadri Waliokaa kati ya Bwana na Mkulima

Ukipita katika mashamba ya Irlandi, mbali na miji, utakuta mara nyingi ukuta mrefu wa mawe kando ya barabara, na lango la chuma, na miti mikubwa iliyopandwa kwa safu. Ndani ya ukuta ule mna jumba la bwana, au mna magofu yake tu. Watu wa inchi ile huliita kwa neno fupi: jumba kubwa. Basi, wasomaji wapenzi, twataka kueleza majumba hayo yalitoka wapi, na nani aliyelipa gharama yake, na mapadri walisimama upande gani. Neno hili la mwisho latupasa sisi kuliko mengine.

Asili yake ni vita na unyang'anyi. Mwaka wa 1641 Wakatoliki wa Irlandi walikuwa na sehemu karibu 59 katika mia za udongo wote. Vikaja vita vya Cromwell tangu 1649, halafu vita vya wafalme wawili, Yakobo na Wilhelmi, vilivyokwisha Limerick mwaka wa 1691. Mwaka wa 1703 sehemu zilizowabakia zilikuwa 14 tu. Na hizo nazo zilitafutiwa dawa. Sheria ya mwaka 1704 iliamuru udongo wa Mkatoliki ugawanywe kwa wana wake wote baada ya kufa kwake; lakini mwana wa kwanza akiingia dini ya Waanglikani, atatwaa wote peke yake. Tena Mkatoliki hakuweza kununua udongo, wala kuukodi zaidi ya miaka 31. Angalieni ubaya wa sheria hiyo: haikumshurutisha mtu kwa upanga aikane dini yake, ilitia tu mtego kati ya baba na mwanawe, kati ya ndugu na ndugu. Wengi walinaswa.

Jumba mojawapo lililo kubwa na la kwanza la namna yake ni Castletown, karibu na Dublin. Mwenyewe, William Conolly, hakutoka katika ukoo wa wakubwa. Alitajirika kwa kununua na kuuza udongo uliotwaliwa kwa wenyeji, hata akawa mkuu wa bunge. Alianza kujenga mwaka wa 1722. Mmoja wa mafundi waliochora jumba lile ni Alessandro Galilei, Mwitalia yule aliyechora baadaye uso wa basilika ya Laterano katika Roma. Mwaka wa 1740 baridi kali iliharibu mavuno, njaa ikaingia. Mjane wa Conolly akaamuru kujengwa mnara mrefu sana wa mawe, kusudi wenye njaa wapate kazi na mshahara. Mnara ungali unasimama. Hatukatai kwamba ni tendo la huruma. Lakini ni huruma ya ajabu, mtu alipwe chakula kwa kujenga kitu kisichomfaa mtu yeyote.

Nguvu ya majumba hayo ilikuwa kodi. Bwana hakulima. Udongo wake uligawanywa kwa wakulima, na mara nyingi kati yake na mkulima walikuwako wapangishaji wengine, kila mmoja akiongeza lake. Mabwana wengi walikaa London, wakaacha kazi kwa kapita wao, naye alikusanya kodi na kufukuza wasiolipa. Hata karibu ya mwaka 1870, mabwana wasiofika mia nane walikuwa na nusu ya inchi nzima. Mkulima akitengeneza nyumba au kukausha shamba la majimaji, kodi yaweza kupandishwa. Basi aliona heri kuacha kama lilivyo. Wageni waliandika kwamba ni wavivu!

Lakini tusiseme kwamba kila bwana alikuwa adui wa Ekleziya. Seminari kubwa ya Maynooth ilianzishwa mwaka wa 1795 katika mji wa Duku wa Leinster, Mprotestanti, tena kwa mapenzi yake. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya msimamizi wa duku huyo.

Tufike sasa Strokestown, katika jimbo la Elphin. Jumba lile lina njia iliyochimbwa chini ya udongo, watumishi wapite wasionekane. Na juu ya jiko mna roshani, bibi wa nyumba asimame pale bila kushuka kati ya wapishi. Mwaka wa 1845 jumba na milki vilimwangukia Meja Denis Mahon, pamoja na madeni mengi. Mwaka uleule ugonjwa ukaingia katika viazi. Viazi vilikuwa chakula cha maskini, karibu chakula chao pekee. Katika miaka ile ya njaa watu karibu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni walihama. Inchi iliyokuwa na watu milioni 8 mwaka wa 1841 ilibaki na milioni 6 na nusu mwaka wa 1851. Serikali iliweka sheria kwamba mwenye kushika zaidi ya robo ya eka hatapewa msaada mpaka auache udongo wake. Tena kodi ya kulisha maskini, kwa mashamba madogo kabisa, ililipwa na bwana mwenyewe. Kwa hiyo bwana alipata faida kama wadogo wakiondoka.

Kapita wa Mahon akapiga hesabu: nauli ya kwenda Kanada ni rahisi kuliko kuwalisha. Mwaka wa 1847 watu 1,490 wakapelekwa kwa miguu hata Dublin, wakapanda meli. Katika meli moja, Virginius, abiria walikuwa 476; 158 walikufa njiani. Jamaa nyingine walifukuzwa tu. Tarehe 2 Novemba 1847 Mahon alipigwa risasi barabarani, akafa. Hapo magazeti ya mabwana yakamshitaki padri wa parokia, Michael McDermott, ambaye alikuwa amegombana na meja: walisema amemlaani altareni. Yeye alikana kwa maandiko. Askofu wake, George Browne, hakujibu kwa maneno matupu. Alitangaza orodha ya waliofukuzwa, majina zaidi ya mia sita ya wakuu wa jamaa. Damu ya mtu haipakwi chokaa, na kuua ni kuua. Lakini sisi twaona kwamba orodha ile ya askofu ni mojawapo ya mahubiri bora ya karne ile.

Baada ya miaka thelathini wakulima walipata silaha nyingine. Chama cha Udongo kilianzishwa mwaka wa 1879, Michael Davitt na Parnell wakikiongoza. Mwaka wa 1880 katika Mayo, watu wote waliacha kumtumikia kapita mmoja, Kapteni Boycott: hakuna wa kuvuna, wa kumfulia, wala wa kumwuzia mkate. Serikali ilileta maaskari kulinda wavunaji hamsini, kwa gharama iliyopita mara nyingi bei ya mavuno. Yasemekana padri wa pale, John O'Malley, ndiye aliyefanya jina la kapteni liwe neno, kwani neno la wasomi lilikuwa gumu kwa wakulima wake. Neno hilo twalisikia mpaka leo katika Kifaransa.

Roma iliona mashaka. Mwaka wa 1887 Papa Leo XIII alimtuma Monsenyeri Persico apeleleze. Mwaka wa 1888, ingawa Persico mwenyewe alishauri kungoja, Ofisi Takatifu ilikataza kuwatenga watu hivyo, na kukataza wakulima kuzuia kodi kwa shauri moja. Maaskofu walikuwa katika taabu kubwa: kutii, bila kuwaacha watu. Walsh wa Dublin na Croke wa Cashel walipendwa sana na wakulima, wala hawakuasi. Jambo hilo lafaa lisomwe polepole na kila padri kijana.

Sheria ndiyo iliyomaliza ugomvi, hasa ile ya 1903: serikali ililipa mabwana, na wakulima walirudisha deni kidogo kidogo kwa miaka zaidi ya sitini. Majumba yakabaki bila mashamba. Halafu moto: katika vita vya uhuru 76 yaliteketezwa katika wilaya 26 za kusini, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1922–1923, 199. Moto haukuchagua. Moore Hall ilikuwa ya ukoo wa Kikatoliki. Wakati wa njaa bwana wake alishinda fedha nyingi katika mbio za farasi, akawagawia wakulima wake. Ilichomwa Februari 1923. Na tukumbuke kwamba Roger Casement, aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya mateso ya mpira katika Kongo yetu, alitoka katika ukoo wenye jumba la namna hiyo, katika Antrim.

Mengine yaliingia mikononi mwa watawa. Mabenedikti wanawake wa Ypres, waliofukuzwa na vita ya 1914, walinunua Kylemore mwaka wa 1920. Na wamonaki wa Maredsous, wanaojulikana sana kwetu kwa Biblia yao, walianza Glenstal mwaka wa 1927.

Jumba la Strokestown liliuzwa mwaka wa 1979. Mnunuzi alikuta katika ofisi karatasi za milki nzima, na mwaka wa 1994 makumbusho ya njaa yakafunguliwa palepale. Kati ya karatasi hizo mna barua ya Agosti 1846, ambayo wakulima wa Cloonahee walimwandikia bwana wao kwamba viazi vimeoza na jamaa zao zinalia njaa mbele ya macho yao.