Hakimu wa Salem na Kilembwe Wake

Katika karne ya 17 mji wa Salem, ulio katika pwani ya Massachusetts huko Marekani, ulikuwa na hakimu jina lake John Hathorne. Alikuwa mtu wa mali na cheo, na mcha Mungu kwa kadiri watu wa zama zake walivyoelewa kumcha Mungu. Mwanzoni mwa mwaka 1692 wasichana wachache wa kijiji cha jirani walianza kugaagaa na kupiga mayowe, wakadai ya kuwa wamerogwa. Hathorne alikuwa mmoja wa mahakimu wa kwanza kuwahoji walioshitakiwa. Maswali yake yaliandikwa, na maandishi hayo yapo hata leo. Ayasomaye huona mara moja ya kuwa hakimu hakuwa akitafuta kujua kama mshitakiwa ana hatia; alikwisha kuamini hatia hiyo, akataka tu mtu aeleze kwa nini anawatesa watoto.

Watu zaidi ya 150 walitiwa mashakani. 19 walinyongwa. Mzee mmoja, Giles Corey, alikataa kuijibu mahakama, akalazwa chini na kurundikiwa mawe mpaka akafa. Wengine walifia gerezani. Mwaka 1697 mmoja wa majaji, Samuel Sewall, alisimama kanisani Boston mbele ya watu wote huku kasisi akisoma maneno yake ya toba. John Hathorne hakutubu hadharani mpaka alipokufa mwaka 1717.

Zaidi ya miaka 80 baadaye, mwaka 1804, alizaliwa Salem mtoto wa ukoo huo huo, kilembwe wa yule hakimu. Huyu ndiye Nathaniel Hawthorne, mtunzi mashuhuri wa hadithi. Alipokuwa kijana aliongeza herufi moja katika jina la ukoo, na watu wengi hudhani ya kuwa alitaka kujitenga kidogo na wazee wake. Kama ndivyo, hakufika mbali, maana katika utangulizi wa kitabu chake kikubwa aliwataja wazee hao na kuibeba aibu yao kama deni alilorithi. Nao hawakuwa mmoja. Baba yake hakimu, William Hathorne, aliwatesa Waquaker, na aliamuru mwanamke mmoja wa dini hiyo achapwe viboko mitaani. (Waquaker ndio wale Marafiki, ambao ndugu zao wa Marekani walianzisha misheni ya Kaimosi hapa Kenya mwaka 1902.)

Ili kumfahamu mtunzi huyu yatupasa kwanza kuwafahamu Wapuritani. Hao walikuwa Wakristo wa Uingereza waliotaka kanisa lao lisafishwe kila desturi waliyoiona haina msingi katika Biblia. Mwaka 1630 wengi wao walivuka bahari pamoja na gavana wao, John Winthrop, wakajenga Boston. Waliamini ya kuwa jamii yao nzima imefunga agano na Mungu. Kwa hiyo dhambi ya mmoja haikuwa siri yake peke yake. Ilikuwa hatari kwa wote, kama moto katika nyumba ya makuti. Dhambi ilipaswa kufichuliwa, na ikiisha kufichuliwa ionekane kwa macho. Mkosaji alifungwa katika mkatale sokoni ili wapitao wamtazame. Sheria ya koloni la Plymouth ya mwaka 1658 iliamuru mzinzi ashonewe herufi mbili juu ya nguo yake. Massachusetts ilikuwa kali zaidi hapo mwanzo: mwaka 1644 mwanamume na mwanamke walinyongwa Boston kwa uzinzi. Mwaka 1694 tu, miaka miwili baada ya mambo ya Salem, ndipo ilipotoka sheria iliyoamuru mzinzi avae A kubwa, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la dhambi hiyo.

Herufi hiyo ndiyo aliyoitwaa Hawthorne. Mwaka 1849 alipoteza kazi yake ya serikali katika forodha ya Salem, na mwaka uliofuata alitoa riwaya ya The Scarlet Letter, yaani Herufi Nyekundu. Aliiweka katika Boston ya miaka ya 1640, akairudisha ile adhabu ya herufi nyuma kwa nusu karne. Mwanahistoria aweza kunung'unika. Msomaji wa riwaya hana sababu.

Mwanamke aitwaye Hester Prynne amezaa mtoto hali mumewe hayupo. Anasimamishwa juu ya jukwaa la aibu, mtoto mikononi, herufi kifuani, naye anakataa kumtaja baba wa mtoto. Baba ni kasisi kijana, Arthur Dimmesdale, ambaye mji wote humwona kuwa mtakatifu, na ambaye siku ile ile analazimika kumsihi Hester amtaje mwenziwe! Mumewe Hester anafika kwa siri, anajiita Roger Chillingworth, na kwa kazi yake ya uganga anaishi karibu na kasisi akimchokonoa moyo kwa miaka saba. Hester aliyefichuliwa anapata nguvu. Dimmesdale aliyejificha anaoza ndani. Hapo twamwona tena Sewall kando ya Hathorne, ijapokuwa riwaya haiwataji.

Lakini kubwa zaidi ni jambo linaloipata herufi yenyewe. Mahakimu waliikusudia iwe na maana moja. Hester anaidarizi kwa uzi wa dhahabu, ikawa pambo. Anauguza wagonjwa na kushonea maskini, hata watu wanaanza kusema ya kuwa A ni ya neno jingine la Kiingereza, lenye maana ya mtu hodari awezaye. Usiku mmoja kimondo kinamulika angani kama A kubwa. Dimmesdale, aliyesimama gizani juu ya lile jukwaa, anasoma humo hatia yake mwenyewe. Kesho yake mtunza kanisa anamweleza ya kuwa watu wameisoma kuwa ni malaika, kwa kuwa Gavana Winthrop amefariki usiku ule. Alama ni moja, na kila mmoja ameisoma kwa yaliyo moyoni mwake.

Hili si fumbo la kuchezea maneno. Salem watu walinyongwa kwa usomaji wa namna hiyo. Wasichana walisema wameona kivuli cha fulani kikiwabana, na mahakama ikapokea kivuli kuwa ushahidi. Nani angeweza kukikana kivuli asichokiona?

Hata hivyo Hawthorne hana budi kulaumiwa kwa jambo moja. Katika hadithi fupi ya Young Goodman Brown, ya mwaka 1835, kijana anaingia msituni usiku akaona, au akaota, watu wema wa kijiji chake wamekusanyika kwa Shetani. Tangu siku hiyo hamwamini mtu, hata mkewe. Ni hadithi ya kutisha na ya kweli kuhusu sumu ya shaka. Lakini miongoni mwa wachawi wa msituni mtunzi ameweka jina la Martha Carrier, mwanamke aliyenyongwa Salem bila kosa mwezi wa Agosti 1692. Watetezi wake watasema ya kuwa yote ni ndoto ya kijana. Na iwe ndoto. Jina ni la mtu.

Majina hayo yamechukua muda mrefu kusafishwa. Mwaka 1711 serikali ya Massachusetts iliwafutia hukumu wengi wao na kuwalipa jamaa zao fidia. Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 1693 akaponea chupuchupu, alisahauliwa. Hakuacha mtoto wala mjukuu wa kumtetea. Wanafunzi wa darasa la nane wa shule moja ya North Andover walisoma habari zake, wakawaandikia barua wabunge wao, na mwaka 2022 jina lake lilisafishwa kwa sheria.