Ndevu Hazisikii Homoni

Wengi wanadhani anayebadili jinsia kuwa mwanamke akianza homoni, ndevu zinapukutika zenyewe. Wapi! Zilizoota tangu balehe zinabaki, labda zipungue kasi tu.

Dawa ya kudumu ilianzia kwenye jicho. Mwaka 1875, daktari mmoja wa macho wa St. Louis, Marekani, alitangaza anavyong'oa kope zinazoota kwa ndani: sindano nyembamba yenye umeme hadi kwenye shina, unywele mmoja mmoja. Ndiyo hiyohiyo ya leo. Nywele huota kwa zamu, hivyo kazi huvuka mwaka, tena ndevu lazima ziachwe ziote kidogo ili zishikike. Nani atatoka na gauni na vindevu vya siku tatu? Ndiyo maana wajanja huanza usoni mapema.

Leza ni ya haraka, ila mvi haizioni, na ngozi nyeusi inaweza kuungua mashine isipokuwa ya mawimbi marefu.