Kuzeeka kwa lami

Kuzeeka kwa lami ni kule kukakamaa kwa lami ya barabara kadiri miaka inavyopita, hadi ikakosa unyumbufu na kuanza kupasuka. Neno lami lina maana mbili: gundi nyeusi itokanayo na mafuta ghafi, na mchanganyiko mzima unaotandazwa barabarani. Katika mchanganyiko huo kokoto, mchanga na vumbi la mawe huchukua karibu asilimia 95 ya uzito, nayo hayazeeki. Inayozeeka ni gundi.

Uzee huanzia mtamboni. Lami yenye joto la nyuzi 150 hadi 170 hivi za Selsiasi huzivika kokoto utando mwembamba mno. Sehemu zake nyepesi huvukizwa, na oksijeni huushambulia utando huo pande zote. Ugumu hupimwa kwa sindano ya gramu 100 inayoachwa izame kwa sekunde 5 katika lami ya nyuzi 25, kina kikihesabiwa kwa sehemu za kumi za milimita. Ndiyo asili ya jina 60/70, aina iliyozoeleka Afrika Mashariki. Lami hiyo yaweza kupoteza theluthi ya kina hicho kabla rola halijapita.

Barabarani kazi huendelea polepole: oksijeni huzigeuza sehemu za mafuta kuwa asfalteni, chembe nzito zinazoigandisha gundi. Jua na joto huchochea, lakini mwamuzi mkuu ni hewa iliyobaki ndani. Ikizidi asilimia 8 ya ujazo, vitundu huungana, na hewa na maji hupenya hadi chini. Kwa hiyo anayeshindilia lami iliyokwisha kupoa huipunguzia barabara miaka.

Katika nchi za joto milimita 2 au 3 za juu hukakamaa kuliko zote, na nyufa nyingi huanzia hapo kushuka chini. Lawama huenda kwa malori, ingawa lami kongwe huhimili mabonde ya matairi kuliko changa. Dawa ya kawaida ni kumwagia utando mpya wa lami na kutandaza kokoto ndogo juu yake mapema, kabla ya nyufa. Iliyokwisha kupasuka hukwanguliwa, ikarudishwa mtamboni na kuchanganywa na lami laini zaidi.