Wakfu, Pango na Msaada: Nani Hugharimia Mji Mkongwe wa Unguja?

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Milango yake ya nakshi imeandikwa sana; mali iliyousimamisha mji huo haijasemwa vya kutosha. Kwa msomaji wa Kongo suala hilo si la mbali. Sehemu ya mali hiyo ilitoka Maniema, kwa biashara ya pembe na ya watumwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alirudi kutoka huko akafia Unguja mwaka 1905, na nyumba yake iko Shangani.

Nyumba za mji huo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Hudumu maadamu paa halivuji na lipu hupakwa upya. Maji yakipenya, boriti huoza, na ukuta hufuata. Kwa hiyo nyumba ya namna hii hudai fedha kidogo kidogo, kila mwaka, bila kukoma.

Zamani dai hilo lilijibiwa, kwa nyumba nyingi, na wakfu. Mwenye mali aliifunga isiuzwe wala kurithiwa, na pango lake likaelekezwa kwa msikiti, kwa maskini au kwa kizazi chake. Kwa mujibu wa fikihi, pato hutengeneza kwanza kitu chenyewe kilichowekwa wakfu. Wanufaika hupata kinachobaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza uliunda tume ya kusimamia mali hizo, na madaraka yakaanza kutoka mikononi mwa koo.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili umiliki. Nyumba nyingi za waliokimbia zilitaifishwa, na jumba la ukoo mmoja likagawiwa familia kadhaa. Waliokosa makao walipata makao. Lakini pango lilikuwa dogo mno, halikutosha matengenezo.

Mwaka 1985 serikali iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ukapitishwa mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Taasisi hiyo ilikarabati pia Zahanati ya Zamani, iliyoanzishwa na Tharia Topan, na bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009. Kazi hizo ni njema. Hata hivyo, majengo yote hayo yako ufukoni, mbele ya macho ya wageni. Nyumba ya kichochoroni yenye wapangaji wengi ni vigumu kupata mfadhili.

Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, laonyesha mpaka wa msaada. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiendelea, sehemu kubwa ilianguka na kuua watu wawili. Fedha zilikuwapo, ila zilikuta uchakavu wa miaka mingi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Msaada hujenga ukuta. Ufa huzibwa na pato la nyumba yenyewe. Iwapo pango na mapato ya hoteli za mji huo yangefuata kanuni ya wakfu, matengenezo kwanza na faida baadaye, mji ungejitunza kwa mali yake.