Homa ya Uzazi na Mikono Safi

Mimi ni mwalimu, si mganga. Lakini habari ya leo ni ya historia, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Fikirini mama aliyejifungua salama siku ya Jumatatu. Majirani wamekuja kumpongeza. Jumatano anatetemeka hata akiwa karibu na moto, tumbo linamwuma, na jioni anasema maneno yasiyoeleweka. Wengine husema amerogwa. Madaktari huiita hali hii sepsisi. Vijidudu vimeingia mwilini, na mwili katika kupigana navyo hujidhuru wenyewe, hata mapafu, figo na moyo huanza kushindwa kazi.

Zamani huko Ulaya maradhi haya yalikaa hospitalini. Mjini Vienna, mwezi wa Aprili 1847, katika wodi moja ya wazazi walikufa akina mama 18 katika kila 100. Daktari Ignaz Semmelweis alikuwa na rafiki, Kolletschka, aliyekatwa kidole kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa dalili zile zile za wazazi. Hapo Semmelweis akatambua jambo la aibu: madaktari na wanafunzi walitoka kwenye maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Julai alikufa kama mama mmoja tu katika 100. Je, walimshukuru? Wengi walimdhihaki. Msomi hapendi kuambiwa kwamba mikono yake ni michafu. Semmelweis naye alikufa 1865, kwa kidonda kilichotia sumu katika damu yake.

Sasa turudi Afrika. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alikuwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro, Uganda. Akaona mama kijana, mwenye mimba ya kwanza, akipasuliwa tumbo ili mtoto atoke. Mpasuaji alikuwa mtu wa hapo hapo. Alimnywesha mama pombe ya ndizi, kisha kwa pombe hiyo hiyo akanawa mikono yake na kuliosha tumbo la mama. Damu aliizuia kwa chuma cha moto. Akafunga jeraha kwa misumari saba myembamba na uzi wa magome ya mti, akalipaka dawa ya mizizi. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mtoto mzima. Felkin alipoyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884, hata huko mama aliyepasuliwa hivyo mara nyingi hakupona.

Ninyi wa Buha mnaijua pombe ya ndizi. Tafadhali, msiitie katika kidonda! Nguvu yake ni ndogo, na leo tuna sabuni. Ninalostaajabia ni kwamba yule mtu wa Bunyoro alinawa kabla ya kushika kisu.

Basi, anayemzalisha mama anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Wembe wa kukatia kitovu uwe mpya. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu wala samadi.

Hata hivyo, maradhi hupenya. Mwaka 2017 watu wapatao milioni 11 duniani walikufa kwa sepsisi, kwa makadirio ya wataalamu. Mtazame mzazi, au mtu yeyote mwenye kidonda au homa. Anapumua mbio? Amechanganyikiwa? Mkojo umepungua? Ngozi ni ya baridi na yenye mabaka? Mzazi anatokwa na uchafu wenye harufu mbaya? Mtoto mchanga hataki kunyonya, au amepoa mwili? Usingoje homa ipande, maana wengine hawana homa kabisa. Mpeleke siku hiyo hiyo, hata usiku: Kabanga kama uko Kasulu, hospitali ya wilaya kama uko Kibondo, au kituo kilicho karibu. Dawa za kuua vijidudu zinazoanzishwa mapema huokoa wengi; kila saa inayopita huwapunguza.

Kabla darasa halijatawanyika, ulizaneni: kutoka nyumbani kwako mpaka zahanati ni mwendo wa saa ngapi wakati wa masika, na usiku nani kijijini ana pikipiki?